Miche Niliyoandika "Umekufa"

Binti yangu ameniuliza leo asubuhi, tukitoka kupalilia: "Mama, hiki kijiti mbona huking'oi? Si kimekufa?" Ni mche wa mninga wa msimu wa pili. Majani yamepukutika yote, na ncha inakatika ukiigusa tu, kama njiti ya kiberiti. Nilishindwa kumjibu papo hapo.

Nilikumbuka mwaka nilipobeba daftari la kuhesabia miche. Nilikuwa mdogo kuliko wote katika kikundi chetu cha kupanda miti, na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri nikapewa kazi ya kuzunguka mashambani kuhesabu miche. Wakulima walikuwa wamepanda miti ya asili mipakani: mkongo, mgunga, mninga. Kiangazi kilipokolea, mininga ikakauka. Shamba baada ya shamba niliandika "umekufa", nikang'oa, nikasonga mbele. Taarifa nilishaipanga kichwani: mninga haufai, tupande mikaratusi, inakua haraka, watu watatuamini.

Shamba la mwisho lilikuwa la bibi mmoja. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Nilipoinama kushika kijiti cha kwanza akasema, "Acha, mjukuu wangu," akapiga magoti. Jembe hakuligusa. Alichukua kisu, akaanza kukwangua udongo uliokuwa mgumu kama tofali, kidogo kidogo, akisimama kila mara kupuliza vumbi. Chini ya kile kijiti chembamba kama bua la mtama ukatokea mzizi mnene kuliko kidole gumba changu, umenyooka kwenda chini. Akaukwaruza kwa ukucha. Ndani ulikuwa mbichi, una majimaji. Akanishika kidole, akakiweka pale. Ulikuwa wa baridi, mchana ule ambao hata mpini wa jembe ulichoma.

"Huu umekufa?"

Sikuwa na neno. Akaufukia, akaushindilia udongo kwa viganja, akaniambia alichokiona tangu akiwa mtoto anachunga mbuzi porini: mninga mchanga hufa juu kila kiangazi, hufanya hivyo miaka mingi, pengine hata 10, na muda wote huo mzizi unajiwekea akiba. Moto wa nyika ukipita unakula kijiti tu. Siku mzizi ukitosheka, shina linapanda moja kwa moja wala halirudi tena. Semina zetu zilitufundisha kujaza viriba, kupima mashimo na nafasi. Hili hatukuambiwa, na hatukumuuliza aliyekuwa akilijua.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za wakulima wa Niger, ambao tangu miaka ya 1980 wamerudisha mamilioni ya miti kwa kutunza machipukizi ya visiki vilivyodhaniwa vimekufa. Nikamkumbuka bibi yule na kile kisu chake.

Mwaka ule ule wa daftari, mvua ziliponyesha, nilirudi peke yangu kwenye mashamba yale mengine. Mahali pengine nilikuta chipukizi jekundujekundu limetokeza. Kumbe nilipovuta, kijiti kilikatikia shingoni na mzizi ukabaki. Mahali pengine palikuwa na shimo tu. Kwenye daftari nilifuta "umekufa" pale nilipoweza. Pale palipokuwa na shimo niliacha neno lilivyo.

Binti yangu nimemwambia tusikichimbue, tusubiri mvua tuone. Ameridhika, amekwenda kukiwekea mawe matatu ili mtu asikikanyage. Habari ya ile niliyoing'oa bado sijamwambia.