Usiku niliomkaba Samatta

Siku zote ubao wa kibanda umiza chetu pale Mbagala uliandikwa timu: Arsenal na nani, Chelsea na nani, chini yake 500. Jumapili ile ya tarehe 1 Machi 2020 mwenye kibanda aliandika kwa chaki neno moja tu, SAMATTA, na chini yake 1000. Hakuna aliyebishia bei.

Wakati huo nilikuwa naendesha bodaboda. Daluga nilishatundika miaka minne nyuma. Kabla ya hapo nilikuwa beki wa kati, misimu miwili daraja la kwanza, kwenye timu ambayo siitaji maana mpaka leo naidai mishahara ya miezi mitano. Kwenye makaratasi nilikuwa mchezaji wa kulipwa. Huko kulipwa kwenyewe ndiko sikukuona.

Nilifika saa moja, mabenchi yameshajaa, nikajibana kati ya mzee mmoja mwenye kofia ya mkono na kijana wa bisi. Bati juu, joto la Machi, feni moja inazunguka kama inasukumwa na mtu. Watu niliowajua ni Manchester United damu, wote walikuwa Aston Villa kwa wiki ya sita sasa, tangu Mbwana Samatta asaini kule Januari 20 na kuwa Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza. Februari 1 akawafunga Bournemouth, na hapo ndipo mtaa ulipokosa adabu kabisa. Mtoto wa Mbagala! Kapita Mbagala Market iliyokuja kuwa African Lyon, kapita Simba, kaenda Lubumbashi kubeba kombe la Afrika na TP Mazembe, kaenda Genk kuchukua ubingwa wa Ubelgiji, leo yuko Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City.

Dakika ya 20 Agüero wa City akafunga. Dakika ya 30 Rodri akaongeza kwa kichwa. Yule wa bisi akaacha kupitisha bisi.

Halafu dakika ya 41 beki wao John Stones akateleza, El Ghazi wa Villa akabaki na mpira, akamwaga krosi, na Samatta akachumpa. Kichwa. Kipa wao Bravo hakuuona mpira vizuri, na mimi pia sikuona kilichofuata, kwa sababu benchi letu lilivunjika na nikajikuta chini, mzee na kofia yake juu ya tumbo langu, mwenye kibanda anapiga kelele, "Jamani king'amuzi! King'amuzi changu!"

Mapumziko kila mtu akawa amecheza naye. Mmoja alicheza naye chandimu, mwingine alimwazima viatu, wa tatu alimpiga kanzu. Nikajisikia nasema, "Mimi nilimkaba. Ndondo, viwanja vya Zakhem. Dakika tisini hakupiga shuti golini."

Sijawahi kusimama naye uwanja mmoja. Karibu zaidi niliyowahi kumfikia ni siku Taifa Stars ilipoifunga Uganda 3-0 Uwanja wa Taifa, Machi 2019, tukafuzu AFCON baada ya miaka 39. Na hapo nilikuwa jukwaa la mzunguko, juu kabisa, na vuvuzela ya kuazima.

Lakini nilisema kibeki, kwa utulivu, nikionyesha kwa mkono jinsi ya kumwekea mshambuliaji kiwiko mwamuzi asione. Wakaniamini. Dogo mmoja akaninunulia soda.

Mzee akanigeukia. Hakuwa na ubaya hata kidogo, alitaka kujua tu. "Mwanangu, kama ulimzima hivyo, mbona yeye yuko kule na wewe uko hapa na mimi?"

"Goti, mzee."

Hilo angalau lilikuwa kweli. Mazoezi ya asubuhi, uwanja wa mchanga, nimegeuka bila hata kuguswa na mtu, nikasikia mlio kama kijiti kikavu. Daktari wa timu, ambaye ndiye pia alikuwa mfua jezi, alinifunga barafu ya kununua dukani kwenye mfuko wa rambo, akaniambia Jumatano nitacheza.

"Pole," mzee akasema. Akalitazama goti, akaitazama soda, akarudi kwenye runinga.

Kipindi cha pili City walimiliki mpira mpaka inachosha. Mwishoni Engels wa Villa akapiga kichwa, Bravo akaugusa, ukagonga mlingoti, na nadhani Mbagala nzima ilisikia ule mlingoti. 2-1 ikabaki 2-1.

Nje, dogo aliyeninunulia soda akataka nimpeleke Rangi Tatu. Njia nzima kaniinamia sikioni, upepo unamla maneno.

"Braza, eti alikuwa anapenda kugeukia upande gani?"

Nilifikiria kumwambia. Tulikuwa tunapita matuta, nikapunguza mwendo.

"Kushoto," nikasema.

Akashuka, akanipa buku, akakataa chenji.