Macho Hayapimwi kwa Ubao wa Herufi Pekee

Anayefika kliniki ya macho huoneshwa ubao wa herufi, kipimo kilichotokana na kazi ya Herman Snellen, daktari wa Uholanzi, mwaka 1862. Ubao huo hueleza mtu anasoma mpaka mstari upi. Haumwulizi kama usiku bado anashuka ngazi bila wasiwasi, wala kama anatambua sura ya anayezungumza naye. Ili kuyajua hayo, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Carol Mangione waliunda hojaji iitwayo NEI VFQ, yaani hojaji ya Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani kuhusu utendaji wa macho, ambayo toleo lake la maswali 25 lilichapishwa mwaka 2001.

Mimi huvutiwa na majibu yake kuliko maswali. Anayeulizwa kuhusu kusoma gazeti anaweza kujibu kwamba hapati shida, au anapata shida ya kiwango fulani, au ameacha kusoma kwa sababu ya macho, au ameacha kwa sababu nyingine. Jibu la kuacha kwa sababu ya macho hupewa alama 0 katika kipimo cha 0 hadi 100, ilhali lile la sababu nyingine halihesabiwi kabisa. Sasa mchukue mzee asiyekwenda tena msikitini alfajiri: akiulizwa, atasema ni uzee tu, kwa kuwa kukiri kwamba anaogopa kujikwaa gizani ni aibu kwake, na mhoji mwenye haraka ataandika “sababu nyingine”. Hasara kubwa kuliko zote itakuwa imetoweka katika hesabu.

Maswali nayo hayahamishwi kiholela. Swali la kuendesha gari halina maana kwa mkulima ambaye hajawahi kushika usukani. Watafiti waliochunguza kufifia kwa uoni wa karibu kunakoletwa na umri huko Kongwa, mkoani Dodoma, waliuliza juu ya kazi za huko, kama vile kuchambua mchele na kupepeta nafaka, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2006. Huo, kwa maoni yangu, ndio uungwana wa utafiti.

Nina shaka moja na wastani wa jumla. Sehemu 11 za hojaji, kuanzia maumivu ya macho hadi utegemezi, hukusanywa kuwa namba moja, hivyo aliyepoteza uoni wa pembeni na anayesumbuliwa na hofu ya kuwa mzigo kwa wanawe wanaweza kupata alama zilezile, ingawa mmoja anahitaji mafunzo ya kutembea kwa fimbo na mwingine anahitaji kwanza mtu wa kumsikiliza.