Karani wa Saiti Ndani ya Deir el-Medina

Luxor, Misri, Alhamisi usiku

Miguu imevimba na pua imejaa vumbi la chokaa, lakini nikilala bila kuandika, kesho haya yatakuwa yameshachanganyika na mahekalu mengine yote. Karnak tuliimaliza jana. Nguzo 134 katika ukumbi mmoja! Shingo inauma kwa kutazama juu, na zaidi ya hapo sina la kusema.

Leo asubuhi tumevuka Nile kwa kivuko cha wenyeji kwenda ng'ambo ya magharibi. Wageni karibu wote walikuwa wanakimbilia Bonde la Wafalme. Mimi nilikuwa na kijiji changu: Deir el-Medina, walikokaa mafundi waliochimba na kuchora makaburi ya hao wafalme. Mke wangu amenivumilia sana. Tangu mwenzangu wa kazini anionyeshe picha ya kigae kimoja cha chokaa kilichoko British Museum, London, nimekuwa nikikitaja mezani kila wiki kama mtu aliyerogwa.

Kigae chenyewe ni daftari la mahudhurio la mafundi hao. Mwaka wa 40 wa utawala wa Farao Ramses II, zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Majina 40, siku ambazo kila mmoja hakufika kazini, na sababu kwa wino mwekundu. Huyu kaumwa na nge. Yule macho yanamsumbua. Mwingine mama yake mgonjwa, mwingine yuko kwenye maziko, mwingine anapika pombe. Nimekuwa karani wa saiti za ujenzi Dar kwa miaka 12, na ukiondoa nge, nimeyaandika hayo hayo. Wa kwetu ni waungwana tu, pombe hawaitaji kwa jina lake.

Kijiji kiko kwenye kibonde kikavu kati ya vilima. Hakuna kisima wala mti. Maji yalipandishwa kwa punda kutoka bondeni, siku hadi siku. Kuta zilizobaki nyingi hazinifiki kiunoni, kwa hiyo unasimama juu kidogo na kuuona mtaa mzima: uchochoro mwembamba katikati, nyumba zimebanana huku na huku, ndefu na nyembamba, vyumba vimefuatana kama mabehewa, jiko nyuma kabisa. Nilipima chumba kimoja kwa hatua, nikafika ukutani kabla sijamaliza kuhesabu tano. Ukikohoa, jirani anakusikia. Nimekulia Magomeni, najua.

Na hawa watu waligoma. Ilikuwa mwaka wa 29 wa Ramses III, karibu mwaka 1157 KK. Mshahara wao ulikuwa nafaka: fundi wa kawaida magunia manne ya ngano na moja na nusu ya shayiri kwa mwezi, nyapara alipata zaidi, kama kawaida. Posho ikachelewa, siku zikapita, wakaweka zana chini, wakatoka kijijini wakaenda kukaa nyuma ya hekalu. Wakubwa wakaja na ahadi, nao hawakunyanyuka. Walisema njaa na kiu ndivyo vilivyowaleta pale, nguo hakuna, mafuta hakuna, samaki hakuna, mboga hakuna, na Farao mwenyewe apelekewe habari. Yote yaliandikwa na karani kwenye karatasi ya mafunjo ambayo leo iko Torino, Italia.

Nilikaa kwenye jiwe kando ya njia nikawakumbuka vijana wa saiti moja, sitaitaja. Wiki tatu hawajalipwa. Walikaa langoni juu ya mifuko ya saruji, kimya, nami nikatumwa niwaambie fedha zinaingia kesho. Nilijua haziingii. Mzee mmoja, fundi mwashi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Karani, hiyo kesho watoto wataila na nini?" Walilipwa siku ya tisa. Kwenye daftari langu siku zile zote niliandika "hawakufika", ingawa walifika kila asubuhi na kukaa mbele ya macho yangu. Yule karani wa mafunjo ya Torino angalau aliandika walikaa wapi na walidai nini.

Kisha nikashuka kwenye kaburi la Sennedjem. Alikuwa fundi wa hapa hapa, mzaliwa wa zamani kuliko mgomo ule. Kaburi lilifunguliwa mwaka 1886. Ngazi ni kali, unainama karibu kupiga magoti, halafu unaingia chumba kidogo chenye dari ya mviringo, na rangi! Njano, nyekundu, kijani, kana kwamba mchoraji ametoka kunywa maji. Ukuta mmoja una Sennedjem na mkewe Iyneferti wakiwa Ahera, shambani. Yeye analima kwa ng'ombe, mke anafuata nyuma akimwaga mbegu. Wote wamevaa kitani cheupe, nguo ambayo mama yangu asingekuruhusu ukaribie hata bustani ukiwa umeivaa. Juu yake wanavuna ngano ndefu. Nilitazama pale muda mrefu kuliko nilivyotazama Karnak yote. Mtu aliyekula posho ya kupimiwa maisha yake yote, alipopata ukuta wake mwenyewe wa kuchora, alijichorea shamba.

Mlinzi akagonga tochi ukutani, maana yake muda umekwisha, kisha akanyoosha kiganja. Bakshishi haihitaji mkalimani. Nikampa, naye akanirudisha ndani dakika mbili zaidi.

Nje, mke wangu alikuwa kivulini na chupa ya maji iliyokwisha kuchemka kwa jua.

"Haya, umeona nini huko?"

Nikamwambia: nyumba za wale wa kwenye daftari. Akacheka mpaka mlinzi akageuka. Miezi minane ameweka akiba ya safari hii, alisema, ili nikae siku kumi bila kusikia neno mahudhurio.