Msitu wetu wa Kilwa tuliupata kwa kupita kwenye mahame

Simu hazikatiki. Mtu anapiga kutoka Liwale, mwingine Nachingwea, mwingine Rufiji, na swali ni lilelile: nyinyi mlifanyaje mpaka msitu ukawa wa kijiji kwa maandishi? Wengi wao wameshashauriwa na mtu fulani mwenye kompyuta kwamba waanze na ramani, mengine yatafuata. Ushauri huo ni mbovu, na nasema hivyo nikiwa katibu wa Kamati ya Maliasili ya kijiji ambacho ushauri huohuo uliwahi kukigombanisha na ndugu zake.

Kijiji chetu kipo Kilwa, ukiiacha lami pale Nangurukuru na kushika njia ya Liwale. Tunalima ufuta na mihogo, na nyuma ya mashamba kuna msitu wenye mpingo, mkongo, mninga na mpangapanga. Wazee wetu wamezika humo, wametambika chini ya msolo, na miaka ya njaa wamechimba ming'oko humo. Hakuna aliyehitaji karatasi mpaka watu wa magogo walipoanza kuingia na vibali walivyovipata mjini. Kisha, kwenye miaka ya 2007 na 2008, wawekezaji wa mibono, mimea ya kukamuliwa mafuta ya mitambo, wakafika Kilwa wakitafuta maelfu ya hekta. Hapo ndipo tulipoambiwa ana kwa ana, ndani ya ofisi moja: "Lile ni pori tupu, halina mtu."

Kauli hiyo inauma, na kisheria ni ya hatari. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, inapoeleza ardhi ya jumla, yaani ile iliyo chini ya serikali kuu, ni ipi, inaingiza humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo haisemi hivyo. Yenyewe inahesabu kuwa ya kijiji ardhi ambayo wanakijiji wamekuwa wakiitumia kwa namna yoyote katika miaka 12 kabla ya sheria kutungwa, na shamba lililopumzishwa limo. Inasema pia kwamba haki miliki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa na serikali. Nilivinakili vifungu hivyo kwa mkono nikawa naingia navyo kila ofisi. Cha 7 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kisomeni mpaka mkielewe, kwa sababu kinatambua mpaka ambao vijiji viwili jirani wamekubaliana wenyewe.

Sasa nisimulie ule mwaka wa ramani. Viongozi wetu wa wakati huo walishauriwa waite wapimaji moja kwa moja. Niliomba tuwaite kwanza wenzetu wa kijiji cha jirani, nikajibiwa kwamba kazi ya kitaalamu haihitaji mikutano. Fedha ilipatikana kwa kuchangishana ufuta, kila kaya ikatoa kadiri ilivyoweza, na sehemu kubwa ikaishia kwenye mafuta ya gari na posho. Wapimaji walikuja na mchoro wa zamani ambao mpaka wake ulikuwa mstari wa rula, umekata msitu kutoka korongo moja hadi jingine bila kujali kilichopo chini. Vijana wetu wakabeba bikoni, vile vigingi vya saruji vya kuonyesha mpaka, mabegani, jua kali, wakaanza kuzichimbia.

Saa tatu asubuhi wenzetu wakatokea. Mbele walikuwa kina mama, wakatandika mikeka katikati ya njia wakakaa. Nyuma yao wanaume wenye mapanga, hawakuyanyanyua, wameyashika tu. Mzee mmoja wa kwao, mtu wa makamo ya baba yangu, akamsogelea kijana aliyeshika GPS, kile kifaa cha kupimia mahali. Kijana akaamkia shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Mjukuu wangu, hicho ulichoshika kinajua kaburi la mama yangu liko wapi?" Kijana akatazama kile kidude, akatazama sisi, akakosa la kusema. Gari likageuzwa. Kesho yake alfajiri tukakuta bikoni zetu zote zimeng'olewa, zimepangwa mstari mbele ya mlango wa ofisi ya kijiji. Hakuna hata moja iliyovunjwa. Walizirudisha nzima, na ujumbe tuliuelewa. Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko hasara ya fedha: msimu mzima hatukuhudhuriana misibani, na hali tumeoleana tangu enzi na enzi.

Aliyetutoa hapo ni bibi mmoja wa kwetu aliyesikia tukibishana kuhusu mchoro. Akatuuliza kwa nini tunatafuta mpaka kwenye karatasi wakati mahame yapo. Na kweli yapo. Kabla ya Operesheni Vijiji kutuhamishia barabarani mwaka 1974, watu waliishi mtawanyiko ndani ya msitu ule, ukoo huku, ukoo kule. Kila ukoo ulijua unalima wapi na unachota maji wapi. Nyumba zilioza zamani, lakini miembe na mikwaju haikuoza.

Basi tukapeleka wazee, hatukupeleka barua. Walikwenda na mchele na sukari, wakaomba radhi kwa yale ya bikoni kabla ya kutaja habari ya ardhi. Wenzetu walikuwa na uchungu wao: baadhi ya koo zao ni Wangindo ambao wazazi wao waliondolewa upande wa Liwale miaka ya 1940, wakati wakoloni walipokuwa wakilipanua pori la akiba la Selous. Watu waliokwisha kuhamishwa mara mbili, ukiwatokea na saruji begani, unadhani watakuelewaje? Walisikilizwa mpaka wakamaliza. Ndipo tukakubaliana kutembea mpaka pamoja.

Hapa ndipo penye ufundi ambao kila anayepiga simu namsisitizia. Hatukubeba GPS. Tulibeba daftari mbili, moja yetu, moja yao, na kila kijiji kikawa na mwandishi wake. Kila kijiji kilitoa wazee wa kiume na wa kike kwa idadi sawa, na hao bibi ndio waliotufaa zaidi kwa sababu wao ndio waliozunguka kuchimba ming'oko na kuteka maji. Tukifika mahali, mzee anasema ni pa nani na kwa nini, na kila mwandishi anaandika alivyosikia bila kuulizana na mwenzake. Jioni tunakaa, daftari zinasomwa kwa sauti. Palipolingana pamekwisha, hapajadiliwi tena. Palipotofautiana tunaparudia kesho na wazee walewale. Kazi ya kubishana ilipungua mno, maana watu waligundua kwamba sehemu kubwa ya mpaka hawakuwa wakiugombea kabisa.

Pahali pamoja nitapakumbuka daima. Ni penye mwembe mkubwa uliokauka upande mmoja. Kila upande ulikuwa umepaandika kuwa pake. Bibi wa kwao akainama, akapekua majani makavu kwa fimbo, yakatokea mafiga matatu, bado yamekaa mkao wa jiko, weusi wa moshi ungali upande wa ndani. Akasema, "Hapa nilipikiwa uji wa uzazi wa kwanza." Mzee wetu, ambaye tangu asubuhi alikuwa mkali, akamtajia jina la mkunga aliyemzalisha. Mkunga huyo alikuwa shangazi wa mzee wetu, na shamba la shangazi lilianzia kwenye mkwaju ng'ambo ya kijito. Mpaka ukapita kwenye kijito. Hakuna mpimaji ambaye angeupata.

Tulipomaliza tukapaka miti rangi nyekundu, tukafanya mikutano mikuu miwili, mmoja kwao na mmoja kwetu, mihtasari ikasainiwa na pande zote. Ndipo GPS ikaja, na safari hii wenzetu ndio waliombeba mpimaji kwenye pikipiki. Narudia kwa wanaouliza: muhtasari bila orodha ya mahudhurio yenye sahihi na dole gumba haufiki mbali wilayani. Toeni nakala, na moja msiiweke ofisini. Watendaji wanahamishwa, makabati yanapotea, mihtasari inaliwa na mchwa.

Baada ya mpaka, mambo yalikwenda. Cheti cha Ardhi ya Kijiji, mpango wa matumizi bora ya ardhi, sheria ndogo zikapita Baraza la Madiwani, kijiji kikatangaza msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Yachosha kuyafuatilia lakini yana njia inayojulikana. Jambo moja msikubali kuliruka ni malisho. Wafugaji walioondolewa bonde la Ihefu, huko Mbeya, mwaka 2006 na 2007 wengi waliletwa mikoa ya kusini, na wapo walioshauri tuwafungie kabisa. Tulitenga eneo la malisho na njia ya mifugo kwenda majini, nao wakaingia kwenye kamati. Leo wao ndio wanaotupigia simu wakiona tairi za lori usiku, kwa kuwa wanashinda porini kuliko sisi.

Fedha je? Msitu wa kijiji ukivunwa kwa mpango, mapato ni ya kijiji, na faini za wanaokamatwa ni za kijiji pia. Kilwa hapa kijiji cha Kikole kilitutangulia: mwaka 2009 kiliuza mpingo wenye cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa uangalifu, na kwenda kuwaona wale kulitufungua macho kuliko semina zote. Mpingo hukua polepole mno, miongo na miongo kabla haujafaa, kwa hiyo tunavuna kidogo na tunapima kila mti kabla ya shoka. Gogo lisilogongwa alama ya nyundo ya kijiji halitoki. Mapato ya mwanzo yalikwenda kwenye kisima na posho ya doria, na kuna waliotaka yagawanywe mkononi. Nilisimama kwenye mkutano mkuu nikapinga, nitapinga tena.

Kuna mfanyabiashara aliyewahi kuja na gari zuri akitushauri tugawane msitu heka kwa heka, kila mtu apate hati yake, tumuuzie. Vijana kadhaa walivutika. Aliyemjibu ni yule mzee wa kijiji cha jirani, aliyekuwa amealikwa tu: alimwonyesha kwenye daftari lao makaburi ya ukoo wake yaliyo upande wetu, akamuuliza atamuuzia nani hayo. Yule bwana hakurudi.

Wenzetu sasa wanatangaza msitu wao kwa upande wa pili, wanakopakana na kijiji cha tatu ambacho nacho kina mgogoro wa miaka. Wametuomba wazee wawili na daftari letu, na mkutano wa kwanza ni baada ya kuvuna ufuta. Bibi wa mafiga ameshasema atakwenda, mguu ukimruhusu. Usipomruhusu tutampakia kwenye bajaji mpaka mwisho wa njia.