Dogo na usonji wake ndo komediani wetu home
Jamani mdogo wangu ana usonji (autism, yaani ubongo wake unachukulia mambo tofauti na wengi wetu) na hakuna mtu anatuchekesha home kama yeye. Juzi anko kaja, kajitupa kwenye kochi, "niletee maji bwana nakufa kwa kiu", dogo akamkagua toka juu mpaka chini akamwambia "mbona unapumua vizuri tu", yaani mama alicheka mpaka chai ikampalia na dogo mwenyewe hacheki hata kidogo, kakunja sura kabisa. Watu wanasemaga eti wenye usonji hawaelewi utani, sasa Hannah Gadsby wa Australia na Fern Brady wa Uskoti mnawaweka wapi? Wachekeshaji wakubwa hao, na wote waligundulika wana usonji ukubwani. Jerry Seinfeld, mchekeshaji wa Marekani, nae 2014 alisema huenda ana usonji, baadae akajirudi. Sisemi usonji ndo unaleta kipaji, wapo kibao hawana habari na vichekesho kama watu wengine tu, ila komedi nusu yake si ni kuona vitu ambavyo sisi tumeshavizoea? Halafu ngoja aanze kuigiza sauti, konda wa daladala, mchungaji, mpaka babu anavyokohoa akitaka kuomba hela 😂