Mvua ilinikuta Lunuganga

Juzi nilikuwa Bentota, Sri Lanka, kwenye Lunuganga, shamba la msanifu majengo Geoffrey Bawa. Mvua ikashuka ghafla, nikakimbilia chini ya paa. Hapo ndipo nilipolielewa jengo: paa limeshuka chini, upenu mpana, kuta hazizibi upande wa ziwa. Maji yalikuwa yanamwagika hatua mbili kutoka kitini pangu na sikulowa hata tone.

Bawa kwanza alikuwa wakili. Mwaka 1948 akanunua shamba hili la mpira, akaanza kulichezea, akaona hajui ujenzi. Akarudi London kusoma, akahitimu 1957 akiwa na miaka 38! (Wenzangu mnaosema mmechelewa, haya.) Shamba aliligeuza na kuligeuza mpaka alipofariki 2003. Mambo yake, ua wa ndani, vigae, upepo badala ya kiyoyozi, yamo pia kwenye hoteli alizojenga. Hata jengo la bunge la Sri Lanka, huko Kotte, ni kazi yake.

Kilichoniacha mdomo wazi ni barabara. Inakatiza katikati ya shamba, lakini ameizamisha bondeni. Ukiwa nyumbani unaona majani tu, kisha Kilima cha Mdalasini, mtungi mkubwa chini ya mti, ziwa kwa nyuma. Pikipiki ilipita nikaisikia, sikuiona.

Mimi nachora ramani za nyumba Dar. Wiki iliyopita mteja alinitaka madirisha ya vioo visivyofunguka, AC kila chumba, na paa lililofichwa nyuma ya ukuta. Kesho namtumia picha za ule upenu, bila maneno.