Kabla ya Kuing'oa Redio ya Kiwandani

Gari langu lilitoka kiwandani mwaka 2005, yaani miaka 2 kabla ya iPhone ya kwanza kuingia sokoni. Ni gari kubwa la kifahari, lenye viti vya ngozi, mbao zilizong'arishwa kwenye dashibodi, spika 12 zilizofichwa milangoni na nyuma ya viti, na skrini ndogo katikati inayosoma ramani kutoka kwenye diski ya DVD. Injini bado ina afya, giaboksi inabadilisha bila kushtuka, na sina sababu ya kuliuza. Kilichozeeka kweli kweli ni redio. Ramani yake haizijui barabara zilizojengwa baada ya gari lenyewe, skrini imefifia kiasi cha kutosomeka jua likiwaka, simu inapigika kwa Bluetooth lakini muziki haupiti, na kile kisanduku cha diski 6 kilichoko kwenye buti kilikuwa kimekwama huku diski moja ikiwa imebaki ndani.

Katika gari la kawaida la miaka ile, kazi hii ni ya nusu siku. Tundu la redio lina kipimo kinachojulikana dunia nzima, milimita 180 kwa 50, au 180 kwa 100 kwa redio nene. Unatoa ya zamani, unaunganisha nyaya rangi kwa rangi, unarudisha fremu na kuondoka. Gari la kifahari la wakati huo halikujengwa hivyo, na jambo hilo ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu nimeona watu wengi wakinunua redio mpya kwanza na kuanza kuuliza maswali baadaye, wakati fedha imekwisha kutoka.

Mimi nililijua hilo kwa njia ya kushtukiza. Kabla hata sijawaza kubadilisha redio, nilichomoa kile kisanduku cha diski kwenye buti nikitaka kukifungua na kuokoa diski iliyokwama. Nilipowasha gari, kila sauti ilikuwa imekufa. Redio haikutoa mlio, simu haikuunganika, na hata ule mlio wa kuonya kwamba nakaribia ukuta ninaporudi nyuma haukusikika, ingawa redio yenyewe sikuwa nimeigusa kwa kidole. Nilipokiangalia kiunganishi nilichokuwa nimekichomoa, niliona hakina shaba. Kilikuwa na nyuzi mbili za plastiki, na ncha ya mmoja ilikuwa ikitoa nukta nyekundu ya mwanga, ndogo kama mbegu ya mchicha. Niliweka karatasi nyeupe mbele yake, nukta ile ikatulia juu ya karatasi.

Huo ni mkongo wa mwanga, ndugu wa karibu wa ule unaopitisha intaneti, ila huu ni wa plastiki na kiini chake kina unene wa karibu milimita 1. Mfumo wenyewe unaitwa MOST, na watengenezaji kadhaa wa magari ya kifahari waliutumia kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Redio, amplifaya (kifaa cha kukuza sauti), kisanduku cha diski na moduli ya simu hushikana mikono katika duara moja. Mwanga hutoka kwa mmoja, hupita kwa mwenzake, hadi urudi ulikoanzia. Kwa kuwa ni duara, mmoja akiachia mkono wote hunyamaza. Kuna kiunganishi kidogo chenye kipande kifupi cha mkongo uliokunjwa, ambacho huchomekwa mahali pa kifaa kilichoondolewa ili mwanga upite. Nilikitafuta, nikakichomeka pale kwenye buti, na sauti zote zikarudi. Mtu yeyote mwenye gari la aina hii ambalo redio yake imenyamaza ghafla namshauri aanze na duara hilo kabla ya kukubali kwamba redio imekufa, maana mara nyingi mgonjwa ni kifaa kingine kabisa.

Baada ya tukio hilo sikuthubutu kununua chochote kwa pupa. Nilitumia jioni 2 nzima nikiwa na mchoro wa nyaya na daftari, nikiandika kila kazi inayopita kwenye redio ile. Vitufe vya usukani havina waya wao wenyewe wa kwenda redioni, bali hutuma ujumbe kupitia CAN, ule mtandao wa nyaya mbili uliobuniwa na Bosch na kutangazwa mwaka 1986, ambao vifaa vya gari huzungumzia. Taarifa kwamba ufunguo umewashwa hufika kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo nyuma ya redio hakuna ule waya wa kuwashia ambao redio yoyote ya dukani inautafuta. Mlio wa vihisi vya nyuma hutokea kwenye spika za redio. Antena ziko kwenye vioo vya nyuma, na kila moja ina kikuza mawimbi chake ambacho hupewa umeme na redio kupitia waya wa antena wenyewe. Nililiona daftari lile likijaa, nikaelewa kwamba kile kinachoitwa redio katika gari hili ni karani wa ofisi nzima, na huwezi kumfukuza karani bila kujua nani atashika mafaili yake.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuacha duara lote, kuweka amplifaya mpya na kuvuta nyaya mpya hadi kwenye kila spika. Ya pili ni kununua adapta inayojifanya redio ya zamani: upande mmoja inawasha mwanga na kuongoza duara, upande mwingine inapokea sauti ya kawaida kutoka redio mpya, na papo hapo inasoma CAN na kutafsiri vitufe vya usukani. Nilichagua ya pili, na sababu kubwa ilikuwa spika. Nilizipima kwa multimita, yaani kipima umeme, nikaona zile za mlango wa mbele zinasoma omu 1.8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), maana yake ni spika za omu 2, wakati redio nyingi za dukani zimetengenezwa kwa spika za omu 4. Ukizifunga moja kwa moja, redio huchemka na kujizima, au huungua. Amplifaya ya kiwandani ilitengenezwa kwa ajili ya spika hizo hizo, na bado ni nzima.

Hapa nigusie jambo linalowapotosha wengi. Maandishi ya wati 50 mara 4 kwenye kasha la redio si nguvu utakayoisikia kila siku. Gari likiwa linanguruma betri hupata takriban volti 14.4, na kwa volti hizo, bila kifaa maalumu cha kuzipandisha, redio haiwezi kuipa spika ya omu 4 zaidi ya wati 26 safi. Hiyo ni hesabu ya fizikia, na chapa yoyote itakutana nayo. Kwa hiyo mtu mwenye amplifaya nzima kwenye buti asishawishike kuitupa kwa sababu ya tarakimu zilizoandikwa kwenye karatasi.

Siku ya kufungua dashibodi nilianza kwa kuondoa ncha ya betri na kusubiri, kwa kuwa mifuko ya hewa iko jirani na ninapofanyia kazi. Gari nilikuwa nimeliacha juani asubuhi nzima. Plastiki ya miaka 20 ikiwa baridi hukatika kama biskuti, lakini ikipata joto huwa na ulaini kidogo. Niliifunika gia kwa taulo, nikaingiza kibanzi cha plastiki kwenye ukingo wa ule ubao wa mbao, na badala ya kuvuta nikawa nasukuma kidogo kidogo kutoka kona moja kwenda nyingine hadi nikasikia vishikizo vikiachia kimoja baada ya kingine. Vilikuwa 9, na kilichokatika ni kimoja tu. Skurubu za kila hatua nilizibandika kwa utepe kwenye karatasi na kuandika zilikotoka.

Kuunganisha kwenyewe hakukuwa na mengi. Rangi za nyaya za redio za dukani zinafanana kwa kiasi kikubwa: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa ufunguo, nyeusi ni athi (njia ya umeme kurudi kwenye chuma cha gari), bluu yenye mstari mweupe ni ya kuamsha amplifaya. Waya mwekundu niliutafutia fyuzi inayozimika na ufunguo. Mkongo ndio unaohitaji heshima, kwani ukiukunja kwa kona kali mwanga huvuja, na haifai upinde wake uwe na nusu kipenyo pungufu ya milimita 25. Upo pia waya wa breki ya mkono, uliowekwa ili video isionekane gari likiwa linatembea. Mafundi wengi huufunga moja kwa moja kwenye athi ili video ionekane wakati wote. Mimi niliupeleka kwenye swichi ya breki kama ilivyokusudiwa, na sijutii.

Nilipowasha, sauti ilikuja, na pamoja nayo ukaja mluzi mwembamba uliopanda na kushuka kila nilipokanyaga mafuta. Huo ni umeme wa alternita, ile jenereta inayochaji betri, ukipenya kwenye sauti, na chanzo chake cha kawaida ni vifaa viwili kuchukua athi sehemu mbili zenye tofauti ndogo ya volti. Athi ya adapta nilikuwa nimeifunga kwenye chuma cha kushikilia dashibodi, chenye rangi nene. Niliihamishia kwenye boliti ile ile ya athi ya redio, nikaukwangua mzunguko wake kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikaikaza. Mluzi ukakoma.

Nilidhani nimemaliza, lakini asubuhi ya siku ya tano gari halikuwaka. Betri yangu ni ya saa-ampea 90 (kipimo cha akiba ya umeme) na haikuwa na hata mwaka. Skrini ilikuwa ikizimika vizuri kila nilipotoa ufunguo, kwa hiyo sikuwa nimeishuku redio. Nikaichaji betri, nikaunga multimita kati ya ncha hasi na waya wake, nikafunga komeo la mlango kwa bisibisi ili gari liamini kwamba mlango umefungwa, kisha nikasubiri dakika 40 ili vifaa vyote vilale. Mita ilikuwa bado inaonyesha ampea 0.6. Katika gari lililolala vizuri hutegemewa kuona chini ya ampea 0.05. Kwa 0.6, betri hupoteza zaidi ya saa-ampea 14 kila siku, na gari ambalo halijatembea siku 4 limekwisha kupoteza karibu theluthi mbili za akiba yake.

Ilikuwa usiku. Nilikwenda kwenye buti, nikachomoa kile kiunganishi kidogo cha duara, na ndani ya giza ile nukta nyekundu ikanitazama, inawaka kama mchana. Redio ilikuwa imelala ila duara lilikuwa macho, na amplifaya na moduli ya simu vilikesha pamoja nalo. Adapta ilitakiwa kupata kwenye CAN habari kwamba gari limefungwa, lakini mmoja kati ya nyaya zake mbili za CAN nilikuwa nimeubana vibaya, na habari ile haikuwa ikifika. Niliukata, nikaumenya upya, nikaulehemu kwa risasi na kuuvisha mpira wa kusinyaa kwa joto. Nilirudia kipimo na kusubiri zile dakika 40. Mita ikasoma ampea 0.028, na mkongo ukawa giza.

Sasa simu yangu inaonyesha ramani ya leo kupitia Android Auto, programu ya kuonyesha mambo ya simu kwenye skrini ya gari, ambayo wakati gari hili linatengenezwa ilikuwa bado miaka 10 mbele, vitufe vya usukani vinafanya kazi vyote isipokuwa kile cha kutoa maagizo kwa sauti, na mlio wa vihisi vya nyuma umerudi, ingawa unatoka spika za mbele tu. Redio ya zamani nimeifunga kwenye kitambaa na kuiweka kwenye kasha pamoja na karatasi ya skurubu, kwa sababu sikukata hata waya mmoja wa kiwandani, na yeyote atakayelimiliki gari hili baada yangu akitaka kuirudisha, ataikuta.